Nyoka wa Ukutani na Wanyama wa Udongo

Usukumani, nchi ya Wasukuma inayoikumbatia Shinyanga na kuenea hadi Geita, Bayeye, yaani chama cha wachezaji wa nyoka ambao pia ni waganga wa sumu ya nyoka, walichora kutani nyoka na binadamu kwa ajili ya mafundisho ya wanachama wao. Michoro hiyo ilielezwa mwaka 1953 na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa elimu-jamii wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1956 Cory alichapisha London kitabu kuhusu sanaa iliyo jirani nayo kwa maana, ingawa si ya Usukumani: sanamu za udongo za unyago, yaani mafunzo ya kuingia utu uzima, miongoni mwa jamii kama Washambaa na Wazigua. Katika mafunzo hayo mnyama aliyefinyangwa kwa mkono aliambatana na wimbo uliofumba tabia ya mtu, na bila wimbo huo asiyefundwa aliona udongo mtupu. Kuziita sanamu hizo vitu vya kuchezea watoto ni kosa kubwa, na makumbusho yanayozihifadhi yanapaswa kuzionesha pamoja na nyimbo zake.