Nyumba za upataji nafuu Unguja

Nyumba za upataji nafuu (huitwa pia soba hausi) ni makazi ya muda ambamo watu wanaotaka kuacha dawa za kulevya au pombe huishi pamoja bila kutumia kilevi chochote, huku wakipata ushauri nasaha na kusaidiana. Katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar, nyumba hizo zilianza mwaka 2009. Walioziongoza tangu mwanzo ni watu waliowahi kutumia heroini wao wenyewe.

## Chimbuko la tatizo

Heroini, ambayo mitaani huitwa *unga*, ilianza kuenea Zanzibar katika miaka ya 1980, wakati masharti ya biashara yalipolegezwa na utalii ulipokua. Sehemu kubwa ya heroini inayofika Afrika Mashariki hutoka Afghanistan, hupakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Makran (Iran na Pakistan) na kuvushwa Bahari ya Hindi. Mzigo mwingi hupita tu kuelekea masoko ya mbali, lakini kiasi fulani hubaki na kuuzwa kwa kete katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo.

Mwanzoni watumiaji wengi waliuvuta unga wakiuchanganya na bangi au tumbaku. Baadaye ilifika heroini nyeupe inayoyeyuka upesi katika maji, na kujidunga kwa sindano kukaenea. Kuchangia sindano husambaza Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2007 ulikuta maambukizi ya VVU kwa asilimia 16 ya watu wanaojidunga. Mwaka 2012 kiwango kilikuwa asilimia 11.3. Kwa wananchi wote wa Zanzibar kiwango hicho hakizidi asilimia 1 hivi.

## Kuanzishwa

Kabla ya mwaka 2009 mtu aliyetaka kuacha unga alikuwa na njia chache. Alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, alipelekwa nje ya visiwa, au alifungiwa chumbani na jamaa zake mpaka *arosto* ipite. Arosto ni hali inayompata mtumiaji anapokosa dawa: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, kutokwa na kamasi na kukosa usingizi. Ukali wake hupungua baada ya wiki moja hivi. Hata hivyo, hamu ya unga huendelea kwa miezi au miaka, na aliyetoka chumbani hurudi katika maskani ileile aliyoiacha.

Nyumba za upataji nafuu ziliundwa kwa ajili ya kipindi hicho cha pili. Zilifuata utaratibu wa hatua kumi na mbili, uliotokana na vikundi vya walevi waliojiunga kusaidiana nchini Marekani mwaka 1935 na kuigwa na watumiaji wa dawa za kulevya mwaka 1953. Ushirikiano na watu wa mji wa Detroit, Marekani, ulisaidia kuwafunza Wazanzibari kuendesha mikutano na kutoa ushauri. Baada ya nyumba ya kwanza nyingine zilifunguliwa Unguja, na baadaye Pemba.

## Maisha ndani ya nyumba

Mkaazi hukaa kwa miezi kadhaa, na mara nyingi familia ndiyo huchangia gharama. Siku hugawanywa kwa saa: kuamka, sala, usafi, kupika, mikutano, ushauri wa mtu mmojammoja na mapumziko. Mkutanoni kila mtu hueleza habari zake bila kukatizwa, na yanayosemwa hayatolewi nje. Wakaazi hufundishwa kuhesabu siku moja moja: lengo ni kutotumia leo.

Mshauri ambaye naye alikuwa *teja* anazijua hila za mtumiaji, na mkaazi hawezi kumwambia kuwa haelewi. Lakini uzoefu peke yake hautoshi. Mwenye sonona, anayesikia sauti au anayefikiria kujiua anahitaji daktari.

## Kula na kupata nafuu

Heroini hupunguza njaa na kuleta choo kigumu, na pesa ya chakula huishia kwenye kete. Wengi hufika wakiwa wamekonda sana. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hapaswi kulishwa chakula kingi kwa ghafla, kwa sababu madini katika damu yanaweza kushuka na moyo ukadhurika. Huanzishwa kidogokidogo, na aliyedhoofika sana hupelekwa hospitali.

Baada ya wiki chache njaa hurudi kwa nguvu, hasa hamu ya vitu vitamu. Baadhi ya watu huhamisha uraibu wao kwenye chakula: hula kupita kiasi kwa siri, hujitapisha, au hujinyima kwa kuogopa kunenepa. Haya ni matatizo ya ulaji, nayo huhitaji ushauri kama uraibu wenyewe. Kula pamoja kwa saa maalumu husaidia kuyagundua mapema. Katika mwezi wa Ramadhani dalili zinaweza kujificha ndani ya saumu. Uislamu humruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku hizo baadaye, kwa hiyo mkaazi dhaifu hushauriwa amwone daktari kabla ya kufunga.

## Methadoni na huduma za serikali

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, na Zanzibar ilifuata kwa kliniki ya Kidongo Chekundu. Methadoni ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto bila kuleta ulevi wa heroini. Baadhi ya wafuasi wa hatua kumi na mbili huona kuwa anayeitumia bado hajaacha. Wataalamu wa afya huihesabu kuwa tiba, kwani hupunguza vifo na maambukizi.

Huko Zanzibar dawa za kulevya zilisimamiwa na Sheria namba 9 ya mwaka 2009, na mwaka 2021 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

## Changamoto

* Kurudia. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauhimili tena kiasi cha zamani. Anayerudia kwa kipimo chake cha awali anaweza kuacha kupumua na kufa. Nalokisoni, ikitolewa mapema, huweza kumrudisha.
* Wanawake. Nyumba nyingi ni za wanaume. Mwanamke anayetumia hufichwa na jamaa kwa kuogopa aibu, na huchelewa kupata msaada.
* Muhali. Wazazi huona vigumu kumnyima mtoto pesa hata wanapojua zinakokwenda. Washauri huwafundisha kumpa chakula na mahali pa kulala, lakini si fedha taslimu.
* Kazi. Anayetoka bila kazi hurudi kijiweni. Kwa sababu hiyo baadhi ya nyumba hufundisha ufundi.

## Tazama pia

* Heroini
* UKIMWI
* Mji Mkongwe
* Afya ya akili