Mfupa Si Jiwe: Hoja kutoka Ukingo wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1991, huko Uraha, wilayani Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe ukitokea Kyela nchini Tanzania, watafiti walioongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage walipata taya la chini lililopewa namba UR 501. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 2.4 hivi, na liliwekwa katika spishi ya Homo rudolfensis. Limekuwa jiwe: madini ya ardhini yamelishika. Naanza nalo kwa sababu ni kinyume cha ninachokijadili. Mfupa huwa jiwe baada ya mwenyewe kufa.

Shuleni tulikariri mifupa 206 kama orodha ya nguzo na boriti. Mfano bora wa mfupa uko Kyela kwenyewe: nyumba ya jadi ya Wanyakyusa, ya mianzi iliyokandikwa udongo. Mianzi mitupu hunepa; udongo mtupu hupasuka. Mfupa nao ni nyuzi za kolajeni zilizoshikana na madini ya kalsiamu na fosfati, ambayo ni takribani theluthi mbili ya uzito wake. Anayetia shaka aloweke mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa: madini yatayeyuka, nao utapindika kama mpira. Mwingine auchome makaani: umbo litabaki, lakini akiubana utamomonyoka.

Mfano huo una kasoro moja. Nyumba humsubiri fundi. Mfupa huishi na mafundi wake. Seli fulani hula sehemu zilizochakaa, nyingine hujenga upya, na kwa mtu mzima asilimia 10 hivi ya kiunzi hubadilishwa kila mwaka. Ujenzi hufuata mzigo, kama alivyoeleza Julius Wolff wa Ujerumani mwaka 1892. Usipa, samaki mdogo wa ziwani, anayeliwa mzima pamoja na miiba yake, huleta malighafi tu. Pa kujenga huamuliwa na jembe, ndoo na mwendo.

Gegedu, ile inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, ina mambo yake, na sikubaliani na wanaoiita mfupa laini. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukikanyaga, maji hayo hukamuliwa. Ukiinua mguu, hufyonzwa tena pamoja na chakula kutoka kwenye ute wa kiungo. Ni dodoki hasa. Kwa kukosa mishipa ya damu, gegedu iliyolika gotini hairudi ilivyokuwa, ilhali mfupa uliovunjika huunga kwa wiki kadhaa. Tena hulika kimyakimya: bibi anaposema mifupa inamuuma, huenda uharibifu ulianza miaka mingi nyuma, mahali pasipoweza kuuma.

Hapo ndipo huruma yetu hukosea. Tunamwambia akae mkekani asiyamalize magoti, na gegedu iliyobaki inakosa chakula. Ndoo ya kichwani apokelewe. Safari ya kwenda kwa jirani aachiwe.