Mabinti Zetu na Elimu ya Kuchunguza Maradhi

Ndugu zetu Waislamu wa Kasese na Bwera,

Mwezi wa Juni 2019 mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake kutoka Kongo, alifikishwa hospitali ya Kagando akiwa mgonjwa, kisha akahamishiwa Bwera. Damu yake ilipimwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe, na tarehe 11 jibu likatangazwa kuwa ni ebola. Mtoto yule alifariki.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 ili kuchunguza homa ya manjano. Mwaka wa pili yake, wataalamu wake waligundua katika damu ya wagonjwa wa Bwamba, upande wa pili wa milima yetu ya Rwenzori, kirusi kilichokuwa hakijajulikana, wakakiita kwa jina la Bwamba. Basi damu ya watu wa pande hizi imeifaa elimu hiyo tangu zamani. Lakini siku zile chuo cha Makerere, kilichofunguliwa mwaka 1922, kilikuwa hakijampokea mwanamke hata mmoja, na wito wake ulikuwa "Na Tuwe Wanaume".

Wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1945, na wito ule ukabadilishwa ukawa "Twajenga kwa Siku Zijazo". Miaka 14 baadaye, yaani 1959, Bibi Josephine Nambooze alihitimu udaktari hapo, akawa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika Afrika ya Mashariki. Halafu akawa profesa wa afya ya jamii. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Mwaka 1990 Makerere iliamua kuwaongezea wasichana alama 1.5 waombapo nafasi.

Katika khabari hizi twaona jambo moja: mlango haukufunguka wenyewe. Kila mara palikuwa na watu walioamua kuufungua.

Mlango uliobaki uko majumbani mwetu. Mchunguzi wa maradhi hapatikani kwa shahada moja. Yataka ya pili na ya tatu, na miaka hiyo ndiyo miaka ya ndoa na ya kulea. Hapo ndipo binti mwenye akili huachia njiani, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kukosa wa kumshikia mtoto.

Imepokewa kwamba katika zama za Mtume (s.a.w.) Bibi Rufaida aliwatibu majeruhi hemani, pale Madina, wala hakuzuiwa. Nasi binti apendaye hesabu na elimu ya viumbe tusimwoze kabla hajamaliza. Na aliyekwisha olewa, mume na mavyaa wampe nafasi arudi chuoni. Maradhi yajapo tena mpakani, na awepo Bwera binti yetu wa kuyachunguza.

Wabillahi taufiq.