Mwenye Ulingo na Wenye Mchezo: Tafakari ya Kihistoria juu ya Super Smash Bros.

Wasomaji waliozoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na vyama vya wafanyakazi huenda wakashangaa leo kukuta mchezo wa video. Sioni sababu ya kuomba radhi. Terence Ranger alipochapisha kitabu chake kuhusu ngoma ya beni mwaka 1975, alituonyesha kwamba burudani ya vijana, pamoja na sare zao za kuigiza na mashindano yao, ilikuwa pia historia ya namna watu walivyojipanga chini ya mamlaka wasiyoichagua. Michezo ya video ni burudani ya mashindano ya kizazi cha wanafunzi wangu. Anayetaka kuelewa jinsi umma unavyojipanga leo ndani ya mali ya mtu mwingine hana budi kuichunguza kwa makini yaleyale.

Nimechagua Super Smash Bros., mfululizo wa michezo ya mapigano ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Sifa yake kuu ni kuwakutanisha katika ulingo mmoja wahusika waliozaliwa katika michezo tofauti: Mario fundi bomba, Donkey Kong yule sokwe, Pikachu wa Pokémon, Samus mwindaji wa anga za mbali. Huchezwa sebuleni, watu wanne au zaidi wakitazama televisheni moja, kila mmoja na padi yake mkononi. Swali ninalotaka tulipime kwa historia yake ni hili: je, aliyejenga ulingo ndiye mwenye kila kinachochezwa juu yake?

Tuanze na asili yake, kwa maana asili hiyo ni ya heshima. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai, amesimulia hadharani mara nyingi kisa kilichompa wazo. Siku moja alikuwa akicheza The King of Fighters '95 katika ukumbi wa mashine za michezo, akiwashinda wapinzani mmoja baada ya mwingine. Alipotazama upande wa pili kumwona aliyetoka kumshinda vibaya, alikuta ni wapenzi wawili, wageni kabisa katika mchezo huo. Ushindi ule haukumpa raha. Michezo ya mapigano ya wakati huo ilimtaka mchezaji akariri mifuatano mirefu ya vitufe. Asiyeijua alipigwa hadi mwisho bila kuelewa kilichomsibu. Sakurai alijiuliza iwapo ungeweza kutengenezwa mchezo wa mapigano usiomfukuza mgeni mlangoni.

Jibu lake lilikuwa la kiufundi, lakini lina falsafa ndani yake. Katika michezo mingine kila mpiganaji alikuwa na mstari wa uhai, na mstari ukiisha amekwisha. Sakurai aliuondoa mstari huo. Kila pigo likaongeza asilimia ya majeraha, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo mpiganaji anavyorushwa mbali zaidi anapopigwa. Kushindwa ni kutupwa nje ya jukwaa. Basi aliyejeruhiwa sana bado anaweza kurudi ulingoni, na aliye salama anaweza kuanguka kwa kosa moja. Mapigo nayo yakarahisishwa: kitufe kimoja na mwelekeo mmoja. Mtoto wa miaka saba na mjomba wake wanaweza kukaa pamoja, na wote wawili wakacheka.

Jambo jingine katika asili hiyo linastahili kukumbukwa, kwa sababu tutalihitaji mbele. Sampuli ya kwanza ilitengenezwa na Sakurai pamoja na Satoru Iwata, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya HAL Laboratory, wakifanya kazi siku za mapumziko ya mwisho wa juma. Iwata mwenyewe ndiye aliyeandika programu. Mwanzoni wapiganaji hawakuwa na majina ya kujulikana. Sakurai alipoona kwamba mchezo wa nyumbani unahitaji sura ambazo watu wanazifahamu, aliwatia ndani Mario, Donkey Kong, Samus na Fox, wahusika wa Nintendo, kabla hajapata idhini ya Nintendo. Aliikamilisha sampuli vizuri kwanza, ndipo akaenda kuomba. Idhini ilitolewa, na tarehe 21 Januari 1999 mchezo ulitoka Japani kwa mashine ya Nintendo 64, ukiwa na wapiganaji 12. Kwa maneno mengine, mfululizo huu ulizaliwa kwa kutumia mali ya mwingine kwanza na kuomba ruhusa baadaye.

Mwaka 2001 likaja toleo la pili, Melee, kwa mashine ya GameCube. Lilitengenezwa kwa takriban miezi 13, lilikuwa na wapiganaji 26, na liliuza zaidi ya nakala milioni saba, likawa mchezo uliouzwa kuliko mingine yote ya mashine hiyo. Hapo ndipo historia ilipochepuka kutoka katika mpango wa mtunzi. Melee ulikuwa wa kasi sana, na kanuni zake za mwendo zilikuwa na vina ambavyo kitabu cha maelekezo hakikuvieleza. Wachezaji waligundua, kwa mfano, kwamba mpiganaji akikwepa pigo angani kwa kuelekea ardhini kimshazari, huteleza kama aliye juu ya barafu huku akiwa huru kushambulia. Kutokana na ugunduzi wa namna hiyo kulizuka ustadi unaohitaji miaka ya mazoezi. Mchezo uliobuniwa ili mgeni asifukuzwe ukapata mabingwa.

Mabingwa hao hawakuundwa na Nintendo. Mashindano yaliandaliwa na watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, katika vyumba vya vyuo na kumbi za kukodi, hasa Marekani. Kwa kuwa televisheni bapa za kisasa huchelewesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, walibeba televisheni nzito za kichogo kutoka nyumbani. Walitunga kanuni zao: majukwaa yapi yanafaa, vifaa vya kubahatisha vizimwe, kila mchezaji awe na nafasi nne. Hayo ni mambo ambayo sisi tunaosoma siasa huyaita kwa jina zito: taasisi. Watu hawa walitunga sheria, wakateua waamuzi na kutunza kumbukumbu, bila bajeti wala mamlaka ya kuwalazimisha wengine.

Mtunzi hakuufurahia mkondo huo. Toleo la tatu, Brawl, la mwaka 2008, lilipunguza kasi, na hata likaweka jambo la ajabu: mpiganaji aliweza kujikwaa na kuanguka kwa bahati mbaya tu alipokuwa akikimbia. Ninaelewa nia. Sakurai alikuwa bado akimtetea yule mgeni wa ukumbini. Lakini wengi wa wapenzi wa Melee walirudi kwenye mchezo wao wa 2001 na kuendelea. Hapa kuna funzo la kwanza: sheria iliyotungwa kwa nia njema ya kumlinda mnyonge haipati uhalali kwa nia hiyo peke yake, iwapo inafuta kile ambacho watu wamekwisha kukijenga kwa mikono yao.

Mgongano wa wazi ulikuja mwaka 2013. Evo, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano yanayofanyika Las Vegas, yaliacha nafasi moja ya mchezo iamuliwe kwa michango ya utafiti wa saratani ya matiti. Mashabiki wa Melee walichanga zaidi ya dola 94,000 wakaipata. Siku chache kabla ya mashindano, waandaaji walitangaza kwamba Nintendo haitoi ruhusa ya kuurusha mchezo huo moja kwa moja mtandaoni. Umma ulipiga kelele, na ndani ya saa chache kampuni ikageuza uamuzi wake.

Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga kumbi, watu wa kujitolea walitengeneza Slippi, programu iliyouwezesha mchezo huo wa zamani kuchezwa kupitia intaneti kwa ubora wa kushangaza. Novemba mwaka huo, waandaaji wa The Big House, mashindano yenye mizizi Michigan, walipotaka kuitumia kwa shindano la mtandaoni, walipokea barua ya kisheria ya kuwataka waache. Wakaacha. Yafaa kukumbuka kwamba GameCube ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni miaka mingi kabla, na kampuni haikuwa ikiuza njia yake yoyote ya kuucheza Melee kupitia mtandao.

Ni haki tuusikilize upande wa pili. Sheria ya hakimiliki iko pamoja na Nintendo, na Slippi hutumika pamoja na programu zinazoiga mashine ya kampuni, ambazo huweza pia kutumiwa na wezi wa kazi za watu. Zaidi ya hayo, jumuiya yenyewe haikuwa ya malaika. Katikati ya mwaka 2020 zilijitokeza tuhuma nyingi za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu maarufu katika mashindano ya Smash, baadhi zikihusu watoto, na Nintendo ililaani matendo hayo hadharani. Jumuiya isiyo na mwenye dhamana inaweza kuwa maficho ya wakosaji. Mwanaharakati anayesifu kujipanga kwa umma bila kulitaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Lakini dawa iliyotolewa haikulenga ugonjwa huo peke yake. Oktoba 2023 kampuni ilitoa miongozo ya mashindano ya jumuiya. Kwa Marekani, shindano lisilo na leseni maalumu lisizidi washiriki 200 ukumbini au 300 mtandaoni. Kiingilio kisizidi dola 20. Zawadi zisizidi thamani ya dola 5,000. Na wadhamini wa kibiashara hawaruhusiwi. Anayetaka zaidi aombe leseni. Kanuni ya kuwalinda watoto ni jambo jema, na kila mzazi angeiunga mkono. Kikomo cha idadi na katazo la udhamini ni mambo tofauti: yanahakikisha kwamba jumuiya haikui kiasi cha kusimama kwa miguu yake.

Sasa niutathmini mchezo wenyewe katika umbo lake la mwisho nililolicheza, Ultimate, uliotoka tarehe 7 Desemba 2018 kwa mashine ya Switch. Kama kazi ya ubunifu, ni ya juu sana. Uliwarudisha wapiganaji wote wa matoleo yaliyotangulia, na hadi Oktoba 2021 uliongeza wengine, akiwamo Sora, ambaye hati yake ya umiliki inaihusu Disney. Sega, Capcom, Konami, Square Enix na Microsoft, makampuni yanayogombania soko, walikubali wahusika wao wakae jukwaa moja. Wanadiplomasia wangeweza kujifunza kitu hapo. Mgeni bado anakaribishwa, na fundi bado ana pa kuchimba. Umeuza zaidi ya nakala milioni 30. Dosari yake kubwa ni mtandao: mchezaji hulipia huduma, kisha hupata mchezo unaochelewa na kukwama. Inasikitisha kwamba watu wa kujitolea waliupa mchezo wa 2001 muunganisho bora kuliko ule ambao kampuni tajiri iliupa mchezo wa 2018.

Hayo yanatuhusu nini sisi tulio mbali na Kyoto na Las Vegas? Kamati ya harusi, kikundi cha kuzikana, chama cha wanafunzi, hata mawasiliano ya baadhi ya ofisi za umma, vyote sasa vinaishi ndani ya WhatsApp na Facebook. Kumbukumbu zetu, kanuni zetu na uongozi wetu mdogo mdogo vimejengwa juu ya ulingo wa mtu ambaye hatukumchagua na hatuna njia ya kumkatia rufaa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, mwaka uleule ambao Smash ulizaliwa. Iliandikwa ikimfikiria mwanamuziki anayeibiwa kanda, na ulinzi huo bado unahitajika. Haikumfikiria mtumiaji ambaye maisha yake ya pamoja yako ndani ya mali iliyolindwa.

Kwa watumishi wa umma watakaoketi siku moja kuipitia upya, ninapendekeza mambo matatu. Kazi ambayo mmiliki ameacha kuiuza iruhusiwe kuhifadhiwa na kutumiwa na jumuiya isiyotafuta faida. Jumuiya iliyojengeka kwa miaka mingi ipewe taarifa na muda kabla ya kufungiwa. Na sheria itofautishe kati ya mwizi anayeuza nakala na mlezi anayetunza uhai wa kazi.

Nintendo haikupoteza kitu pale Sakurai alipomtumia Mario kabla ya kuomba. Ilipata mfululizo wa michezo ambao leo ni miongoni mwa mali zake kubwa. Wakuu wa kampuni wa wakati ule walitazama kazi iliyofanywa kabla ya kuangalia kama kibali kilitangulia. Waandaaji wa mashindano wanawadai warithi wao kiasi hicho tu.