Chai ya maziwa ya viungo: Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na kila jamii ina chai yake. Wasomali huita yao shaah, nayo hutiwa iliki, mdalasini na karafuu. Wanyarwanda hupenda tangawizi. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ni kitovu cha biashara ya maziwa ya Ankole.

Mahitaji (vikombe 4)

- Maji vikombe 2
- Maziwa mabichi vikombe 2
- Majani ya chai vijiko vidogo 2
- Iliki punje 6, karafuu 3, kijiti 1 cha mdalasini
- Tangawizi mbichi, kipande cha kidole gumba
- Sukari kwa kiasi upendacho

Namna ya kupika

1. Twanga viungo vikavu kwenye kinu, visiwe unga kabisa. Ponda tangawizi.
2. Chemsha maji pamoja na viungo vyote na tangawizi kwa dakika 5 hadi 10.
3. Tia majani, acha yachemke dakika 2.
4. Mimina maziwa, koroga, na yaache yapande na kuchemka vizuri. Maziwa mabichi yasiyochemshwa huweza kuleta ugonjwa wa brusela.
5. Tia sukari, chuja, weka kwenye chupa ya chai.

Kwa nini maziwa hukatika

Mama anayeuza chai stendi alfajiri akikatikiwa na sufuria ya lita 5, amepoteza maziwa, sukari na makaa kwa mpigo mmoja, na wateja wameshaondoka na gari la kwanza. Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni tangawizi. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Kuichemsha kwanza kwenye maji huua nguvu hiyo, ndiyo maana maziwa huingia mwisho.

Ya pili ni maziwa yaliyoanza kuchacha njiani. Dumu la plastiki ni gumu kusafisha, na mabaki ya jana huharibu maziwa ya leo. Mamlaka ya maziwa ya Uganda (DDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ilitaka yasafirishwe kwenye makopo ya chuma, si madumu. Msafirishaji apakie mapema kabla ya jua kali, na mnunuzi achemshe kijiko kimoja kabla ya kulipa. Yakiganda, asinunue.

Kwa wanaobeba viungo

Karafuu za Pemba na iliki ya milima ya Usambara ni bidhaa za Tanzania zinazofahamika sana katika ukanda huu. Nunua viungo vizima. Vilivyosagwa hupoteza harufu haraka, tena ni rahisi kuchanganywa na unga mwingine. Iliki nzuri ina ganda lililofunga na punje nyeusi ndani.

Majani ya chai na viungo hunyonya harufu. Visipakiwe pamoja na dagaa, sabuni wala mafuta ya taa. Gunia likilowa, viungo huota ukungu, kwa hiyo weka mbao chini na turubai juu.

Mizigo midogo ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili mpakani, na haitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa mimea hubaki palepale. Mfanyabiashara aulize forodha kabla ya kupakia, maana mzigo uliokwama mpakani huliwa na gharama kabla haujafika sokoni.