Mkuki wa Sergoit na Bunduki ya London

Novemba 1909 Theodore Roosevelt alikuwa Sergoit, upande wa barabara itokayo Eldoret kwenda Iten leo, amepanda farasi na bunduki anayo, ila siku ile hakuja kupiga risasi. Alikuja kutazama. Waliotazamwa walikuwa vijana wa Kinandi wenye mikuki mirefu na ngao za ngozi ya fahali. Wapanda farasi walitakiwa kumsaka simba, wamkimbize mpaka achoke kukimbia asimame, kisha wamzuie asitoroke hadi wenye mikuki wafike kwa miguu. Simba akapatikana, dume lenye manyoya mengi shingoni. Vijana wakamzunguka, kila mmoja amejikunyata nyuma ya ngao yake, duara likawa linabana polepole. Simba akachagua mtu mmoja, akamwendea mbio. Mkuki ulimpata kabla hajafika, lakini haukumsimamisha. Alimwangusha kijana yule na kumrarua, na papo hapo mikuki ya wenzake ikamshukia kutoka kila upande. Ukisoma habari hiyo katika kitabu cha Roosevelt cha safari ile, kilichotoka 1910, unaona kwamba kuisoma kunachukua muda mrefu kuliko lilivyochukua tukio lenyewe. Majeruhi waliahidiwa mitamba. Mwandishi anadai kwamba waliposikia hivyo walisahau maumivu. Sijui kama jeraha la simba husahaulika hivyo, ila mtamba ni mtamba.

Roosevelt alikuwa ametoka kwenye urais wa Marekani Machi mwaka uleule. Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili pamoja na mwanawe Kermit, kwa msafara uliotakiwa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Wawili hao waliua wanyama 512. Alikuwa mpenzi wa bunduki kwa namna ambayo mpenzi yeyote wa bunduki leo angemtambua mara moja: kila moja ya silaha zake ilikuwa na kazi yake, sifa zake na kisa chake. Kwa wanyama wa kawaida alikuwa na Springfield ya jeshi la Marekani iliyobadilishwa kitako. Kwa simba aliipenda Winchester ya .405, iliyotupa risasi ya gramu 19 hivi. Kwa tembo, kifaru na nyati alikuwa na Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi kutoka kwa kundi la Waingereza waliomhusudu, na risasi yake moja ilikuwa na uzito wa gramu 31.

Hapa ndipo mlinganisho uliozoeleka, baina ya silaha ya kiwandani na silaha ya mkono, unapoanza kuyumba. Winchester ile kweli ilitoka kiwandani, ikafanana na dada zake maelfu. Lakini Holland ilikuwa kazi ya mkono kama mkuki ulivyokuwa kazi ya mkono. Bunduki ya mitutu miwili ina tatizo lake: mitutu ikiwekwa sambamba, risasi hazianguki mahali pamoja. Fundi hufunga mitutu kwa kabari ndogo mbele, anapiga shabaha, anatazama matundu, anafungua, anasogeza kabari kidogo tu, anafunga, anapiga tena. Kazi hiyo haina mashine. Ina jicho la mtu mmoja aliyekaa miaka mingi kwenye benchi moja, na tupa. Mhunzi wa Kinandi na fundi yule wa London wangekutana, wangekosa lugha, lakini wasingekosa la kuonyeshana.

Mkuki nao haukuwa kitu kimoja. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni ambaye kitabu chake juu ya Wanandi kilichapishwa Oxford mwaka huohuo wa 1909, alionyesha kwamba umbo la mkuki lilibadilika kutoka sehemu moja ya Nandi hadi nyingine. Upande wa mashariki palitawala ule wa mtindo wa Kimaasai: bapa refu jembamba, kipande kifupi cha mti katikati, na chuma kingine kirefu chini. Kwingine bapa lilikuwa dogo na mti mrefu. Anayeushika ule wa kwanza hugundua haraka kwamba mti ni mahali pa kiganja tu. Vilivyobaki ni chuma kitupu. Chuma cha chini si pambo. Ndicho kinachosawazisha uzito wa bapa ili mkuki uruke bila kuinamisha kichwa mapema, na ndicho kinachochomekwa ardhini mwenyewe anapopumzika. Wanandi waliuita ng'otit, ngao longet, na upanga mfupi wa kiunoni rotwet.

Chuma kilitoka wapi? Zamani wahunzi waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Reli ilipopita, ikifika Kisumu Desemba 1901, palipatikana chuma bora zaidi bila ya kuchimba. Wanandi walikata nyaya za simu kwa ajili ya mapambo, wakang'oa parafujo na vyuma vya reli kwa ajili ya silaha. Maofisa wa Kiingereza waliliona jambo hilo kuwa wizi na uasi. Kwa mhunzi lilikuwa akili: chuma kimekuja mpaka mlangoni, kimeshasafishwa, kinangoja moto. Huenda basi baadhi ya mikuki iliyowakabili Waingereza ilikuwa imefuliwa kwa chuma cha Uingereza. Anayeiita silaha hiyo masalia ya karne za kati na aliangalie hilo kwanza.

Na kukabiliana kulikuwapo. Wanandi walikuwa wameshalinganisha mkuki na bunduki miaka mingi kabla ya Roosevelt, wala si kwa burudani. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika pembezoni mwa nchi yao ikiwa na bunduki za kushindiliwa, magobori na za gumegume, ambazo ziliingia Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu kila mwaka katika miaka ya 1880, hasa kupitia Zanzibar, mpaka mkataba wa Brussels wa 1890 ulipojaribu kuzizuia. Gobori lina ngurumo na moshi, lakini likishapiga mwenyewe anabaki na fimbo nzito mkononi huku akimimina baruti, akishindilia, akitafuta fataki. Muda huo unamtosha kijana mwenye mbio kumfikia. Ndiyo maana msafara wenye busara uliikwepa Nandi. Hata mpelelezi Joseph Thomson, alipokwenda Kavirondo, upande wa Ziwa Victoria, 1883, alipita kaskazini.

Bunduki zilizokuja na ukoloni hazikuwa magobori. Vita vilianza 1895, vikarudi tena na tena kwa muda wa miaka 10, na Wanandi walijifunza kuepuka mchana na uwanja wazi. Walipenda usiku, mvua na msitu, mahali ambapo mtutu hauoni mbali. Hesabu hiyo ilivunjwa na bombomu la Maxim, lililoweza kutema risasi zaidi ya 500 kwa dakika, na zaidi sana ikavunjwa na hila. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, Orkoiyot yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, alikwenda kwenye mazungumzo yaliyoitishwa na Kapteni Richard Meinertzhagen, na huko akapigwa risasi akafa. Msako uliofuata uliua mamia ya Wanandi na kutwaa ng'ombe kwa maelfu. Meinertzhagen alichunguzwa na mabaraza ya kijeshi, akasafishwa, kisha akaondolewa nchini. Alichukua fimbo tatu za Koitalel kama kumbukumbu yake. Zilirudishwa na familia yake 2006, karne moja baadaye, na leo mahali pake ni makumbusho ya Koitalel Samoei, Nandi Hills. Mtu huyohuyo alikuja kuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege, na baada ya kifo chake ikagundulika kuwa vielelezo vyake vingi vilikuwa vya wizi na vya kughushi. Ya mtutu na ya kabati yalikuwa na tabia moja.

Kwa hiyo vijana wa Sergoit wa 1909 walikuwa watu waliotoka vitani juzi tu. Wanandi walikuwa wamesukumwa ndani ya hifadhi, na Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kumiliki bunduki ya kisasa. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa umegawanywa mashamba. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1908, Makaburu zaidi ya 200 walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda Uasin Gishu kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe kupitia misitu na matope ya Timboroa. Roosevelt alifurahi kuwakuta, maana ukoo wake una asili ya Kiholanzi, na walijua wimbo wa watoto aliofundishwa na bibi yake. Kwa Kaburu bunduki haikuwa ya kupendezea. Ilikuwa jembe la pili: nyama, ngozi, na ulinzi wa mahindi. Wanyama waliojaa uwandani wakapungua haraka. Posta ilifunguliwa 1910 kwenye shamba nambari 64, watu wakapaita hivyo hivyo, Sixty-Four, hadi gavana alipopapa jina la Eldoret 1912.

Burudani ya kulinganisha silaha ilizaliwa katika hali hiyo, na sioni jinsi ingezaliwa vinginevyo. Ili mtu akae juu ya farasi na kuusifu mkuki, lazima kwanza awe na hakika kwamba mkuki huo hautamgeukia. Mwaka 1910 Carl Akeley, fundi wa kukausha wanyama na mchongaji, naye alikodi Wanandi wawinde simba mbele ya kamera yake. Kamera ikawa nzito mno kufuata mbio zao. Kero hiyo ilimfanya abuni kamera nyepesi ya kuzungushwa iliyotumika sana katika filamu za porini na vitani, na Wanandi wake wakaishia kuwa sanamu za shaba katika Field Museum, Chicago. Karibu na hapa Eldoret, mjini Kitale, Luteni Kanali Hugh Stoneham alifungua makumbusho yake binafsi 1926: wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya makabila ya magharibi mwa Kenya. Alipofariki 1966 aliliachia taifa mkusanyiko huo, na makumbusho ya Kitale yaliyojengwa juu yake yalifunguliwa 1974. Kwa wakazi wa Eldoret ni mahali pa karibu pa kwenda kuona silaha hizi za mkono zikiwa zimepangwa.

Upinde nimeuacha mpaka sasa kwa sababu historia yake ni nzito na haina pozi. Kwanget, yaani upinde kwa Kinandi, ni mti na upote wa mshipa, pamoja na podo la ngozi. Nguvu yake imo kwenye chembe cha mshale kilichopakwa sumu ya msunguti, mti ambao magome na vijiti vyake huchemshwa kwa saa nyingi hadi viwe uji mweusi kama lami. Sumu hiyo husimamisha moyo. Kwa kipimo kidogo sana iliwahi kuwa dawa ya moyo Ulaya. Mkuki ulipokuwa umeshageuka pambo la ukutani, upinde ulikuwa bado unafanya kazi. Mapigano ya kikabila ya 1992 yaliutumia, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 madaktari wa hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret walikuwa waking'oa vyembe vya mishale kwenye miili ya watu. Asije mtu akatuambia kwamba silaha ya jadi ni utamaduni na bunduki ni vita. Katika mji huu hata neno jadi lina makaburi.

Upande wa bunduki, uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima Mei 1977, na rifle za wawindaji wa uwanda zikabaki bila kazi. Leo bunduki ya raia ni jambo la leseni na shabaha za karatasi, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Lakini Eldoret yenyewe ikawa mji wa risasi: kiwanda cha serikali kilichojengwa katikati ya miaka ya 1990 kwa ufundi wa kampuni ya FN ya Ubelgiji hutengeneza risasi za milimita 9, 5.56 na 7.62. Nchi ikitengeneza risasi, bendera yake bado ina ngao na mikuki miwili. Msumbiji walichagua bunduki.

Holland ya Roosevelt imeishia katika makumbusho ya Frazier mjini Louisville, Kentucky. Jina la mtengenezaji limechorwa juu yake, nambari yake inajulikana, na waliochanga fedha ya kuinunua wameorodheshwa. Katika makabati yetu mambo yako kinyume. Mara nyingi kibao cha mkuki hutaja kabila, pengine na jina la Mzungu aliyeukusanya. Hakimtaji mhunzi, wala mwenye mkuki, wala kijiji. Sehemu ya kosa hilo bado inarekebishika. Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet zingali na nyumba zenye mkuki wa babu nyuma ya mlango, na wazee wanaokumbuka uliagizwa kwa nani na ulilipiwa mbuzi wangapi. Mwenye nyumba ya namna hiyo amuulize mzee wake mwaka huu, aandike jina la mhunzi kwenye karatasi, na karatasi hiyo aifunge kwenye mpini.