Kinga ya lami au kinga ya mlima? Historia yao inapita pia Kongo

Vijana wanaopenda mchezo wa kinga, yaani baiskeli, hubishana mara nyingi. Iliyo bora ni ile nyembamba inayokimbia kwenye lami, ama ile ya mipira minene inayopanda milima? Wengine hujibu kwamba mwenye uwezo anunue zote mbili. Ubishi huo si wa zamani. Katika miaka ya kwanza ya kinga hakuna aliyeuliza swali hilo, kwa sababu lami yenyewe ilikuwa chache. Kinga ilipita pale njia ilipokuwa. Na historia ya kinga haikuandikwa Ulaya na Amerika peke yake. Kongo imo ndani, na imelipa bei kubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama kutoka Scotland aliyeishi Belfast, alitengeneza mpira wa kujazwa upepo kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake. Kabla ya hapo magurudumu yalivikwa kauchu ngumu, na kupita kwenye mawe kulitikisa mifupa. Mpira wa upepo ulifanya kinga iwe nyepesi na yenye mbio. Ulaya na Amerika watu wakaanza kununua kinga kwa wingi sana, na bei ya kauchu ikapanda.

Sehemu ya kauchu hiyo ilitoka kwenye misitu ya Kongo, ambayo tangu 1885 ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kama mali yake binafsi. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni, kukata mimea inayotambaa yenye utomvu wa kauchu, na kuleta kilo walizopangiwa. Wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na mzigo. Vijiji vilivyokataa vilichomwa, watu wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Wengi walikimbia na kuacha mashamba yao, na familia za wahami wa leo zinajua maana ya neno hilo bila kuelezwa. Mwaka 1904 ripoti ya konsuli wa Uingereza, Roger Casement, ilieleza mateso hayo, naye E. D. Morel akaendesha kampeni kubwa dhidi yake. Mwaka 1908 Leopold akaachia Kongo kwa taifa la Ubelgiji. Kinga haikuwa sababu peke yake, maana viwanda na baadaye magari navyo vilitaka kauchu. Lakini ilikuwa kati ya sababu za kwanza.

Ufaransa, wakati huo, mashindano yalikuwa yanakua. Tour de France ya kwanza ilifanyika mwaka 1903, ikawa na safari sita na jumla ya kilomita 2.428. Mshindi alikuwa Maurice Garin. Leo inaitwa mashindano ya barabara, lakini sehemu kubwa ya barabara hizo ilikuwa udongo, vumbi na mawe. Mwaka 1910 waandalizi waliwapandisha washindani hadi Tourmalet, kwenye milima ya Pyrénées, mita zaidi ya 2.100 juu ya bahari. Njia ya huko ilikuwa mbaya kuliko nyingi za Kivu. Octave Lapize alipita sehemu za mlima akisukuma kinga kwa miguu, na mwisho akashinda Tour nzima. Hakuwa na vitesi vya kubadilisha kama vya leo, kwani Tour iliviruhusu mwaka 1937 tu.

Lami ilipoenea Ulaya, kinga ya mashindano ikafuata lami. Mipira ikawa myembamba na yenye upepo mwingi, usukani ukapinda chini ili mtu ainame na kukata upepo. Kinga hiyo ikawa na mbio sana, lakini kwenye mawe na matope ikashindwa.

Waliorudi milimani walikuwa haohao wa lami. Huko California, Marekani, vijana kama Gary Fisher na Joe Breeze, waliokuwa wakishindana barabarani, walichukua kinga nzito za zamani zenye mipira minene na kuteremka nazo njia za mlima kwa kujifurahisha. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza la mteremko ulioitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki za nyuma: zilipata moto mpaka grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ilibidi kupaka grisi nyingine. Mwaka 1977 Breeze alitengeneza fremu mpya kwa kazi hiyo. Mwaka 1996, huko Atlanta, kinga ya mlima ikaingia katika michezo ya Olimpiki.

Miaka hiyohiyo ya 1970, Kivu ya Kaskazini nayo ilikuwa na chombo chake cha mteremko: chukudu. Ni cha mbao, magurudumu yake ya mti yanavikwa vipande vya mipira iliyochakaa, na breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kutoka Kibumba hadi Goma chukudu huteremka na makala, viazi na maharagi. Vijana wa California waliteremka kwa kufurahi. Wa Kivu waliteremka ili watoto wale. Huko Kisangani, barabara na usafiri vilipoharibika, kinga za kawaida zikawa teksi, zikaitwa toleka. Na watu walipokimbia vita, kinga na chukudu zilibeba godoro, sufuria na mtoto.

Basi, achague nini mwenye pesa ya kinga moja? Aangalie njia anayopita kila siku. Mpira mwembamba unatelezea vizuri kwenye lami, lakini shimo moja linaweza kuupasua au kupinda gurudumu. Mpira mnene wenye meno, usiojazwa upepo sana, unashika udongo na kupunguza mtikisiko, lakini kwenye lami unachosha miguu. Mwenye njia za aina mbili anaweza kuchukua kinga ya mlima na kuivika mipira isiyo na meno makubwa.

Kupenda zote mbili nako kunawezekana. Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot alipata medali ya dhahabu ya kinga ya mlima katika Olimpiki ya Paris 2024. Mwaka uliofuata alishinda Tour de France ya wanawake, kwenye barabara.

Na mpira ukitoboka, iwe kwenye lami ama mlimani, kazi haijabadilika sana tangu siku za Dunlop: kutoa mpira, kutafuta tundu, kubandika kiraka cha kauchu, kisha kujaza upepo na kuendelea na safari.